Krediti katika shule za mwendelezo za California

Krediti katika shule za mwendelezo za California, Marekani, ni kipimo cha kazi ya masomo ambacho mwanafunzi aliyebaki nyuma hukusanya hadi atimize idadi inayotakiwa ili ahitimu sekondari. Elimu ya mwendelezo, ambayo ni ya umma, ilianza kwa sheria ya 1919, ikilenga vijana walioajiriwa. Leo hupokea hasa wenye umri wa miaka 16 na zaidi walio katika hatari ya kukosa cheti. Somo la muhula mmoja kwa kawaida lina krediti 5, na wilaya nyingi za elimu hudai krediti 220 hivi. Katika sekondari ya kawaida, anayefeli somo la muhula kwa kawaida hupoteza krediti zote 5. Tofauti kubwa, na yenye maana zaidi kwa mwanafunzi, iko hapa: shule ya mwendelezo huweza kutoa krediti moja moja, mara nyingi kwa kila saa 15 za kazi iliyokamilika, hivyo kijana anayelea mtoto au aliyeugua katikati ya muhula hapotezi alichokwisha kufanya. Mahudhurio ya chini katika shule hizi kwa kawaida ni saa 15 kwa wiki. Uzoefu wa kazi ya kuajiriwa, ukisimamiwa na shule, huweza pia kuhesabiwa. Hata hivyo, masharti ya jimbo ya kuhitimu hayalegezwi, yakiwemo Kiingereza miaka 3 na hisabati miaka 2.