Picha, Tufe na Njegere: Habari za Kuwafundisha Watoto Elimu ya Nyota

Mwezi wa Januari mwaka 1614 mwanafunzi wa miaka 21, jina lake Jan Amos Comenius, alinunua mjini Heidelberg, katika Ujerumani, kitabu kilichoandikwa kwa mkono. Mwandiko ulikuwa wa Nicolaus Copernicus mwenyewe. Ndani yake mwanachuoni huyo alikuwa ameeleza kwamba Jua limetulia katikati, na kwamba Dunia ni sayari kama nyingine, nayo hulizunguka. Mwandiko huo upo hata leo, umehifadhiwa mjini Kraków katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Jagiellonian. Miaka 44 baada ya kuununua, Comenius, ambaye sasa alikuwa mzee mwenye sifa kubwa katika mambo ya elimu, alitoa kitabu cha watoto chenye picha. Katika kitabu hicho mtoto aliambiwa kuwa mbingu huzunguka, na Dunia imesimama katikati.

Comenius hakuwa mjinga wala mvivu. Alizaliwa mwaka 1592 katika Moravia, nchi ambayo leo ni sehemu ya Ucheki, akawa askofu wa kanisa dogo lililoteswa kwa ajili ya imani yake. Tauni ilimwondolea mke na watoto wawili. Vita vilimtoa katika nchi yake asirudi tena, na mwaka 1656 mji wa Leszno alikokimbilia uliteketezwa kwa moto, yakateketea pamoja nao maandiko yake mengi. Katika misukosuko hiyo yote hakuacha shauri moja: kwamba mtoto hapaswi kupigwa fimbo akariri maneno ya vitu asivyopata kuviona. Shule za zama zake aliziita machinjio ya akili. Kwake yeye hakuna kinachoingia katika akili kisichopita kwanza katika macho, masikio au mikono.

Kitabu chake, ambacho jina lake la Kilatini, Orbis Sensualium Pictus, lina maana ya ulimwengu wa vitu vya kuonekana uliotiwa katika picha, alikiandika alipokuwa akifundisha Sárospatak katika Hungaria, kikapigwa chapa Nuremberg mwaka 1658. Kilikuwa na sura 150, na kila sura ilikuwa na picha iliyochongwa katika ubao. Kila kitu katika picha kilipewa namba, na namba ile ile iliwekwa katika maneno ya Kilatini na ya Kijerumani chini yake, hata mtoto aliweza kwenda kwa kidole kutoka neno mpaka kitu na kurudi. Katika dibaji Comenius aliomba watoto waruhusiwe kuziiga picha hizo kwa mikono yao wakipenda. Ombi hilo ni dogo, na wengi waliokisifu kitabu walilipita bila ya kulitazama.

Mbingu zilipata sura zao miongoni mwa ndege, miti na kazi za mafundi. Palikuwa na picha ya sura za mwezi tangu unapoandama mpaka unapopevuka, na picha ya kupatwa kwa jua na kwa mwezi. Katika sura hii ya mwisho mtoto alielezwa sawasawa: Dunia haipenywi na mwanga, kwa hiyo hutupa kivuli, na mwezi unapoingia katika kivuli hicho hutiwa giza. Basi kitabu kimoja kilikuwa na ukweli na kosa, vimechorwa kwa ufundi mmoja na kupewa namba kwa namna moja. Mtoto hakuwa na njia ya kupambanua hiki na kile. Ilikuwa imepita miaka 115 tangu kitabu cha Copernicus kupigwa chapa, na karibu miaka 50 tangu Galileo kuona kwa darubini miezi inayozunguka Mshtarii. Comenius alikwenda na macho yake, na macho humwonyesha kila mtu kwamba Jua ndilo linalotembea.

Mwaka 1824 zilitolewa London kadi 32 za makundi ya nyota, zinazojulikana kwa jina la Urania's Mirror. Kila nyota kubwa ilitobolewa tundu, na mtu akiishika kadi mbele ya taa, mwanga hupenya na nyota hung'aa. Zilikuwa za kupendeza, na pengine kupendeza ndiko kulikouzidi mno ufundi wake wa kufundisha, kwa maana dubu na simba waliochorwa juu ya kadi huvuta macho kuliko matundu yenyewe.

Mtu aliyelishika jambo hili mahali panapouma alikuwa John Herschel, mwanafalaki wa Uingereza. Katika kitabu chake cha mwaka 1833 alisema kwamba kutafuta fikira sahihi za ukubwa wa mbingu kwa kuchora duara katika karatasi hakufai kabisa, na vibaya zaidi ni zile mashine za tufe zinazozungushwa kwa magurudumu ya meno, ambazo aliziita vitu vya kuchezea vya kitoto mno. Badala yake alimpeleka msomaji uwanjani. Weka, alisema, tufe la upana wa futi 2 liwe Jua. Utaridi itakuwa punje ya haradali, Zuhura njegere, na Dunia njegere nyingine, katika duara yenye upana wa futi 430. Mirihi ni kichwa cha pini kubwa. Mshtarii ni chungwa la kiasi, katika duara ya karibu nusu maili, na Zohali chungwa dogo mbali zaidi. Uranus, iliyogunduliwa na baba yake Herschel mwaka 1781, ni tunda la cheri katika duara inayopita maili moja na nusu.

Hesabu hii ni rahisi kuipima kwa miguu. Kutoka katika tufe hadi njegere ya Dunia ni mita 65 na ushei, mwendo ambao mtoto huukimbia kwa pumzi moja. Mwezi unakaa sentimita 17 tu kutoka katika njegere hiyo. Lakini akiuliza nyota iliyo karibu kupita zote baada ya Jua iwekwe wapi, jibu ni takriban kilomita 17,500, yaani karibu upande wa pili wa Dunia hii tunayoikanyaga. Hakuna karatasi ya kitabu inayoweza kubeba jambo hilo. Kila picha ya sayari iliyopata kuchapwa katika kitabu cha shule imelazimika kusema uongo juu ya ukubwa au juu ya umbali, na kwa kawaida imesema uongo juu ya yote mawili. Herschel alikuwa akiwaandikia watu wazima, lakini njegere zake zimekaa shuleni kuliko kurasa zake nyingine.

Haifuati kwamba picha ni adui. H. A. Rey, aliyezaliwa Hamburg mwaka 1898, alikimbia Paris kwa baiskeli pamoja na mkewe Margret mwezi wa Juni 1940, Wajerumani walipokaribia, akiwa amechukua michoro ya hadithi ya tumbili ambayo baadaye ilimpa jina duniani. Huko Marekani alivichoka vitabu vya nyota ambavyo mistari yake huungana ovyo, hata kundi linaloitwa mapacha halifanani na watu hata kidogo. Akaichora mistari upya, nyota zikiwa mahali pake pale pale, mpaka kila kundi likafanana na jina lake. Kitabu chake cha kwanza cha nyota kilitoka mwaka 1952, na cha watoto mwaka 1954. Ubora wake ni huu, kwamba picha za Rey hazimalizi kazi zenyewe. Sharti mtoto atoke nje usiku, ainue uso, azitafute.

Palipokosekana kutoka nje, kosa la Comenius limerudi kwa sura nyingine. Mwaka 1987 ilitolewa filamu huko Marekani ambamo watu 23 wa Chuo Kikuu cha Harvard, wahitimu na walimu, waliulizwa kwa nini kuna kiangazi na baridi. Watu 21 walikosa, na aghalabu walidai kwamba Dunia hulikaribia Jua wakati wa joto. Vitabu vya shule huionyesha njia ya Dunia kutoka ubavuni, nayo huonekana kama yai refu, ilhali ni karibu duara kamili: kilomita milioni 147 mwanzoni mwa Januari na milioni 152 mwezi wa Julai. Mtoto wa Dar es Salaam yumo katika hatari kubwa kuliko wa Boston, kwani Januari ya kwake ni ya joto kweli, na Dunia nayo iko karibu na Jua kweli. Kwa mambo mawili ya kweli atajijengea la uongo, wala hapana cha kumshtua.

Kwa jambo hili walimu wengi hutumia taa moja katika chumba chenye giza na tufe lililochomwa kijiti kikainamishwa kidogo. Mtoto hulizungusha mwenyewe kuizunguka taa, kijiti kikielekea ukuta ule ule daima, huku akitazama mwanga unavyoangukia nusu ya juu akiwa upande huu wa taa, na nusu ya chini akifika upande wa pili.