Takwimu za Mauzo ya Maduka Madogo ya Temeke na Kinondoni: Kutoka Tume ya Bei hadi Mashine ya Risiti

Mtafiti anayeulizia mauzo ya duka la Tandika au Mwananyamala hujibiwa haraka, na wepesi huo ndio unaopaswa kumtia shaka.

Tume ya Bei iliundwa mwaka 1973. Mwaka 1976 Operesheni Maduka ilikusudia kuyaondoa maduka ya watu binafsi, na mwaka 1983 ukafuata msako wa wahujumu uchumi. Katika miaka hiyo sabuni iliyouzwa juu ya bei ya serikali haikuweza kuandikwa popote. Daftari sahihi lingekuwa shahidi dhidi ya mwenyewe. Kwa maoni ya mwandishi, desturi ya kutoandika ilikomaa wakati huo.

Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 ilijaribu kuigeuza desturi hiyo kwa kumtofautisha mwenye kumbukumbu na asiye nazo. Kwa viwango vya 2019, duka lenye mauzo ya shilingi milioni 6 kwa mwaka lilitakiwa kulipa 60,000 likiwa na kumbukumbu, na 100,000 likiwa halina. Hata hivyo, anayeandika hupoteza nafasi ya kujadiliana na afisa kuhusu daraja lake, na nafasi hiyo huweza kuzidi thamani ya hizo 40,000.

Kipimo kizuri zaidi ni mpaka wa milioni 4. Desemba 2018 Rais John Magufuli alitoa vitambulisho 670,000 vya wajasiriamali wadogo, kila kimoja kwa shilingi 20,000, kwa wenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka. Hiyo ni takriban 11,000 kwa siku: wakati huo kilo tano za sukari zilikaribia kiasi hicho, kabla ya unga, mafuta na sabuni. Mwenye duka anayedai kuwa chini ya mpaka huo anataja sheria, hataji mauzo.

Si kila pengo ni uongo. Unga hupikwa nyumbani, mtoto huachiwa duka mchana, fedha za droo hulipa ada. Mashine za risiti zilizoanza 2010 hurekodi kilichobonyezwa tu.

Kwa mwanahistoria, daftari la madeni lina uzito zaidi. Linahusu mikopo pekee, lakini pale wastani wa madeni ya siku kwa mwaka mzima unapozidi 11,000, mauzo yaliyotangazwa yamekwisha kukanushwa. Tena halikuandikwa kwa ajili ya afisa yeyote: mwenye duka asipoandika, halipwi.