Idara ya Upasuaji, Chuo Kikuu cha Makerere

Idara ya kitaaluma ya upasuaji mjini Kampala, Uganda, inayofundishia katika Hospitali ya Mulago. Mafunzo ya udaktari Makerere yalianza mwaka 1924, lakini idara ilipata sura yake chini ya Profesa Ian McAdam, miaka ya 1950 na 1960.

Mchango wa idara unaojulikana zaidi ulitokana na daktari wa upasuaji Denis Burkitt, ambaye mwaka 1958 alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya kwa watoto. Mwaka 1961, yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari takriban kilomita 16,000 hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali baada ya hospitali kuhusu uvimbe huo. Waligundua kuwa ugonjwa ulikuwa nadra nyanda za juu zenye baridi. Sampuli za uvimbe huo zilizopelekwa London ndizo zilizomwezesha mtafiti Anthony Epstein na wenzake kutambua, mwaka 1964, virusi vya Epstein-Barr.

Shahada ya uzamili ya upasuaji ilifuata katika idara. Utawala wa Idi Amin, ulioanza 1971, uliwatawanya walimu wengi, McAdam akiwemo. Waliobaki, akiwemo Sebastian Kyalwazi, waliendelea kufundisha.