Uzito wa Rejeta

Mwenye Land Rover 109 ambayo rejeta yake imekufa ana njia tatu. Anaweza kuipeleka ile ya zamani kwa fundi akaibadilishia mirija na mapezi ya katikati, huku matangi ya juu na chini yakibaki yale yale. Anaweza kutafuta nyingine iliyotolewa kwenye gari lililokatwa. Au anaweza kununua mpya ya alumini, iliyokuja kwenye boksi, nyepesi kiasi cha kubebwa kwa mkono mmoja. Dukani ataambiwa kwamba tofauti ni bei na uzito. Tofauti kubwa zaidi haijaandikwa kwenye boksi: ikitoboka porini, nani ataiziba?

Ili kulijibu swali hilo inabidi kurudi nyuma kidogo. Injini hugeuza sehemu ndogo tu ya mafuta kuwa mwendo. Sehemu kubwa hupotea kama joto, na joto hilo lisipoondolewa huunguza gasketi na kupinda silinda hedi. Magari ya kwanza yalijipoza kama sufuria jikoni: maji yalichemka, mvuke ukaenda zake, dereva akaongeza mengine. Mwaka 1888, Bertha Benz aliposafiri na wanawe wawili kutoka Mannheim hadi Pforzheim, ilibidi asimame mara kwa mara kutafuta maji. Suluhisho lilitoka kwa Wilhelm Maybach wa kampuni ya Daimler. Mwishoni mwa mwaka 1900 alikamilisha rejeta yenye mirija midogo 8,070, kila mmoja wa milimita 6 kwa 6, iliyopangwa kama sega la nyuki. Hewa ilipita ndani ya mirija, maji yakazunguka nje yake. Gari la Mercedes la nguvu za farasi 35 likaweza kwenda na lita 9 tu za maji, nusu ya yale yaliyohitajika kabla ya hapo.

Kwa miongo saba iliyofuata, rejeta ya gari ilikuwa kitu cha shaba. Shaba nyekundu hupitisha joto vizuri kuliko karibu metali zote, na ile ya njano, iliyochanganywa na zinki, ni imara vya kutosha kutengenezea mirija na matangi. Zote mbili hushikana kirahisi kwa lehemu ya risasi na bati. Sifa hiyo ya mwisho ilionekana ndogo kiwandani. Huku kwetu ndiyo iliyokuja kuamua mambo.

Shaba yenyewe haikuwa ngeni kwetu. Katika makaburi ya kale ya Sanga, kwenye bonde la Upemba kusini mwa Kongo, wafu walizikwa na misalaba midogo ya shaba iliyotumika kama fedha. Katikati ya karne ya 19, Msiri, Msumbwa kutoka magharibi ya Tanzania ya leo, alikwenda huko na kujenga ufalme wa Wayeke. Ufalme huo ulishika biashara ya shaba na pembe za ndovu kuelekea pwani zote mbili za bara. Desemba 1891 aliuawa na msafara wa Kapteni Stairs, uliotumwa kumpatia Mfalme Leopold eneo hilo. Mwaka 1906 ikaundwa kampuni ya Union Minière. Mwaka 1910 reli ikafika Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi. Katika kambi za wachimbaji Kiswahili kikawa lugha ya kazi, na kuanzia 1971 hadi 1997 jimbo zima la Katanga liliitwa kwa neno hilo hilo: Shaba.

Baada ya serikali ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru Novemba 1965, shaba ya Zambia ilitafutiwa njia ya kufika bahari bila kupita kusini. Kabla reli ya TAZARA yenye kilomita 1,860 haijakamilika katikati ya miaka ya 1970, malori yaliishusha hadi Dar es Salaam kwa barabara ya vumbi na matope iliyopata sifa ya jehanamu. Yalibeba shaba mgongoni na shaba nyingine puani. Ile ya mgongoni ilipanda meli. Ya puani ilibaki nasi mpaka ichakae, na ikichaka ilirudi ng'ambo kuagizwa upya kwa fedha za kigeni. Metali iliyochimbwa jirani tuliinunua kama spea kutoka mbali.

Land Rover iliingia katika hadithi hii ikiwa na kichekesho chake. Ilipooneshwa mara ya kwanza Amsterdam, tarehe 30 Aprili 1948, bodi yake ilikuwa ya alumini kwa sababu chuma kiligawiwa kwa mgawo Uingereza baada ya vita. Gari zima, kwa hiyo, lilivaa alumini nje na kuficha shaba mbele ya injini. Bodi haikushika kutu, na gari likazeeka kwa heshima. Ofisi za wilaya, misheni, idara za wanyamapori na mashamba ya mkonge yote yaliyatumia. Baada ya Uhuru yalirithiwa na serikali mpya pamoja na viti na makabati. Series III, iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, ndiyo ambayo wengi bado wanaiita 109 tu, kwa hesabu ya inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma.

Kisha spea zikakauka. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, ukabaki hivyo hadi 1983. Kenya ilikuwa na kiwanda cha Leyland huko Thika kilichounganisha Land Rover. Kwa gari lililokwama Monduli, kiwanda hicho kilikuwa karibu kwenye ramani tu. Vita vya Kagera vikala fedha za kigeni. Bei ya mafuta ikapanda. Hadi milango ya biashara ilipoanza kulegezwa mwaka 1984, na kufunguliwa zaidi chini ya Rais Mwinyi, rejeta mpya ilikuwa kitu cha kuombewa kibali.

Hapo ndipo fundi rejeta alipopata nafasi yake mjini. Kazi yake haikubadilika sana hadi leo. Huziba matundu yote isipokuwa moja, huzamisha rejeta kwenye pipa la maji, hupuliza hewa na kutazama mapovu yanapotokea. Huyeyusha lehemu, hulifungua tangi, hupitisha ufito ndani ya kila mrija kutoa kutu na magadi yaliyoganda. Mrija uliooza kabisa huuziba pande zote mbili na kuusamehe. Rejeta hupoteza kidogo uwezo wake lakini gari huenda. Ukioza moyo wote, huutoa na kuunganisha mwingine, wakati mwingine kutoka gari la aina tofauti, akikata na kupunguza mpaka ukae. Hakuna kifaa katika kazi hii kisichopatikana gerezani kwa wahunzi: moto, chuma cha kulehemia, asidi, brashi ya waya, maji.

Wakati huo huo, Ulaya ilikuwa inaiacha shaba. Baada ya mgogoro wa mafuta wa 1973 watengenezaji walitaka magari mepesi, na alumini ina uzito wa chini ya theluthi moja ya shaba kwa ujazo ule ule. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 zikaenea rejeta za alumini zenye matangi ya plastiki, yaliyobanwa kwa meno ya bati juu ya mpira. Tusizisingizie. Alumini hupitisha joto kidogo kuliko shaba, lakini mirija yake hufanywa mipana na mapezi huungwa bila lehemu ya risasi, ambayo yenyewe hupitisha joto vibaya. Rejeta nzuri ya alumini hupoza sawa na ya shaba, mara nyingine zaidi. Ilichopoteza ni kiraka. Kuilehemu kunataka mashine ya umeme na gesi ya argoni, na plastiki iliyopasuka kwa joto hupakwa gundi ya kuombea dua hadi mjini.

Ingekuwa rahisi kumalizia hapa kwa kuisifia shaba. Lakini ile lehemu inayomrahisishia fundi ni risasi, na risasi ni sumu. Tafiti katika nchi nyingi zimewakuta mafundi rejeta na kiwango kikubwa cha risasi katika damu. Hutoka kwenye moshi wa lehemu inayochomwa na vumbi linalopigwa brashi, huganda kwenye nguo, hufika nyumbani na kuwakuta watoto, ambao huathirika ubongo kwa kiasi kidogo sana. Ubora wa rejeta inayotengenezeka umelipiwa kwa miili ya watu ambao majina yao hayako kwenye historia ya gari lolote. Anayechagua shaba anachagua na hilo, na ana wajibu nalo: amtafute fundi anayefanyia kazi mahali penye hewa, asiyekula pale pale, asiyeweka mtoto kibandani. Na akubali bei yake bila kumkandamiza.

Basi achague vipi? Aanze na injini, si bodi. 109 nyingi zimeshabadilishiwa injini. Iliyopachikwa dizeli ya Isuzu au Toyota inataka rejeta ya ukubwa wa injini hiyo, hata kama fremu inadai nyingine. Kisha aangalie mwinuko. Kila ukipanda mita 300 hivi maji huchemka digrii moja mapema. Kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, mita kama 2,300, sufuria wazi huchemka karibu na digrii 92. Kinachookoa injini huko ni kifuniko kinachoshikilia mgandamizo. Kifuniko kibovu kimewanunulisha watu rejeta wasizozihitaji.

Kinachofuata ni maji yenyewe. Alumini inataka maji safi yenye dawa ya kuzuia kutu, na dawa hiyo ibadilishwe kwa wakati. Gari la mjini lenye mwenye nidhamu litaishi nayo miaka mingi. Lakini gari linalokwenda minadani Longido au kando ya Ziwa Natron litaongezwa maji ya dumu, na maji ya huko yana magadi. Magadi hula alumini. Shaba huyavumilia zaidi, na yakiisha kuiziba, ufito wa fundi unaweza kuyatoa. Yai bichi na unga wa manjano, dawa za njiani za madereva, huziba tundu dogo na pia mirija mizima. Ni vya kukufikisha kwa fundi, si vya kukufikisha mwaka ujao.

Kwa gari la kazi porini, ninachagua kuifufua rejeta ya zamani ya shaba, mradi matangi yake ni mazima na moyo mpya ni wa mirija mingi kama ule wa kwanza. Ya kutoka gari lililokatwa ni ya pili, baada ya kupimwa kwenye pipa mbele ya macho ya mnunuzi. Ya alumini ni ya gari lisilokwenda mbali na mji.

Na anayenunua ya alumini asiiache ile ya zamani bila kuuliza inakwenda wapi. Wanunuzi wa chakavu huipima kwa kilo. Njaa ya shaba ni kubwa kiasi kwamba Januari 2022 Kenya ilisimamisha kwa muda biashara yote ya vyuma chakavu, baada ya uharibifu wa miundombinu ya umeme. Malori kutoka Kolwezi na Lubumbashi bado hupita Tunduma na mabamba ya shaba kuelekea bandari ya Dar es Salaam, na metali hiyo hupita nchini bila kuguswa na mkono wa fundi. Kibanda cha rejeta ni moja ya sehemu chache kwenye njia hiyo ndefu ambapo shaba husimama, hufanyiwa kazi, na ujira wake ukatumika mtaa huo huo jioni ile.