Hofu ya Uhalifu Ilivyoanza Kupimwa
Hofu ya uhalifu ilianza kupimwa Marekani katikati ya miaka ya 1960, tume ya Rais Lyndon Johnson ilipododosa kaya 10,000. Uingereza ilifuata mwaka 1982. Swali lililotawala lilikuwa moja: ukitembea peke yako mtaani kwako usiku, unajiona salama kiasi gani? Neno uhalifu lenyewe halimo. Anayeogopa mbwa au shimo la barabarani huhesabiwa vilevile. Majibu yakazua kitendawili: wazee, hasa wanawake, waliogopa kuliko vijana wa kiume, ambao ndio walioshambuliwa zaidi. Miaka ya 1990 mtafiti Stephen Farrall na wenzake walikitilia shaka kipimo chenyewe. Baadaye watu walipoulizwa kama wamewahi kuogopa uhalifu ndani ya mwaka uliopita, wengi walisema hata mara moja hawajaogopa.