Nyuma ya namba kuna fomula: historia fupi ya lahajedwali

Ukimsikia mtu anasema "nitumie hiyo Excel", usidhani lazima awe mhasibu. Anaweza kuwa mwalimu mwenye alama za darasa zima, mweka hazina wa kikoba, au mjumbe wa kamati ya harusi anayetaka kujua nani ameahidi na nani ameshatoa. Kiswahili sanifu kinasema lahajedwali. Mtaani ni Excel tu, hata kama ni Google Sheets.

Zamani lilikuwa karatasi kubwa yenye mistari na safu, pamoja na penseli na kifutio. Hicho kifutio ndicho kilichokuwa kinatoa watu jasho. Mwaka 1978 Dan Bricklin, mwanafunzi wa uzamili wa biashara pale Harvard, alikuwa anamwangalia profesa akijenga hesabu ubaoni. Namba moja ikibadilika, profesa anafuta na kuandika upya kila kilichoitegemea. Bricklin akawaza kitu kama ubao unaojihesabia wenyewe. Yeye na rafiki yake Bob Frankston, aliyeandika programu yenyewe, wakatoa VisiCalc mwaka 1979 kwa ajili ya kompyuta ya Apple II. Kuna watu walinunua kompyuta nzima ili tu waipate hiyo programu. Hata mtindo wa kukiita kisanduku A1 au B7 ulitoka huko.

Mengine unaweza kuyakisia: Lotus 1-2-3 ikatawala kuanzia 1983, Excel ikatoka 1985 kwenye Macintosh, halafu 1987 kwenye Windows, na mpaka leo tunayo.

Sasa angalia kilichobadilika. Kwenye ubao wa profesa, hatua zote zilionekana. Kwenye lahajedwali unaona jibu tu. Njia ya kulipata imekaa nyuma ya kisanduku, na huioni mpaka ukibonyeze. Ni raha sana, lakini ndipo balaa linapoanzia.

Mwaka 2010 wachumi wawili wakubwa, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walichapisha makala wakionyesha kwamba nchi zenye deni linalozidi asilimia 90 ya pato la taifa zilikua kwa wastani wa asilimia hasi 0.1. Yaani uchumi unarudi nyuma. Wanasiasa wa Ulaya na Marekani waliokuwa wanataka kubana matumizi ya serikali wakaidaka hiyo namba.

Kisha akatokea Thomas Herndon, mwanafunzi wa uzamivu Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst. Kazi ya darasani ilimtaka achague utafiti uliochapishwa na kuurudia. Akajaribu, namba zikagoma. Akawaomba wachumi hao faili lao, wakamtumia (wapongezwe kwa hilo, wengi wetu tunajua barua pepe za namna hiyo huishia wapi). Akabonyeza kisanduku cha wastani. Fomula ilianzia mstari wa 30 na kuishia wa 44, wakati data ilifika mstari wa 49. Australia, Austria, Ubelgiji, Canada na Denmark hazikuhesabiwa.

Herndon na walimu wake wawili walipotoa matokeo mwaka 2013, wastani ulikuwa asilimia chanya 2.2. Tuwe wakweli hapa: fomula ilichangia sehemu ndogo tu ya hiyo tofauti. Sehemu kubwa ilitokana na miaka iliyoachwa nje ya hesabu na namna nchi zilivyopewa uzito. Reinhart na Rogoff walikubali kosa la fomula ila wakaendelea kutetea hoja yao kuu. Lakini maamuzi hayo yote, makubwa na madogo, yalikuwa ndani ya faili ambalo wasomaji wa makala hawakuwa wameliona kwa miaka mitatu.

Kosa la aina hii linaweza kukupata wewe pia. Ukiandika jina jipya chini kabisa ya orodha ya michango, fomula ya jumla inaweza isilifikie, na programu isikwambie kitu. Jumla itaonekana safi kabisa, ila mchango wa mtu haumo. Fungua faili lako la mwisho, bonyeza kisanduku cha jumla, uone fomula inaishia mstari wa ngapi.