Boti huzuiliwa bandarini, si katikati ya maji

Tarehe 3 mwezi wa 10 mwaka wa 2024, boti iliyotoka Minova ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, mjini Goma. Watu waliokuwa ukingoni wakingoja ndugu na mizigo yao waliiona ikilala ubavu na kwenda chini mbele ya macho yao. Siku ile gavana wa Kivu ya Kusini alitangaza kwamba ndani mlikuwa watu 278, na wasiopungua 78 walikuwa wamekufa.

Wiki tano baadaye, tarehe 10 mwezi wa 11, washindani 40 waliondoka Les Sables-d'Olonne, Ufaransa, katika mashindano ya Vendée Globe. Kila mmoja alikuwa peke yake katika mashua yake ya matanga, akiizunguka dunia nzima bila kusimama, kupitia bahari za kusini zenye dhoruba na barafu. Baadhi waliacha njiani, mashua zao zikiwa zimeharibika. Lakini hakuna hata mmoja aliyekufa.

Inawezekanaje mtu aliye peke yake katika bahari kuu awe salama kuliko mama anayevuka ziwa huku akiona nchi kavu? Pesa ni sehemu ya jibu, maana mashua zile ni za bei kali sana. Lakini bahari kuu nayo ilikuwa na siku zake za kutokuwa na sheria.

Mwaka wa 1968 gazeti la Sunday Times la Uingereza lilitangaza zawadi kwa mtu wa kwanza kuizunguka dunia kwa matanga, peke yake, bila kusimama. Hakuna aliyekagua mashua, wala aliyeuliza kama mshindani anajua kazi. Watu 9 waliondoka. Mmoja tu, Robin Knox-Johnston, alimaliza, mwezi wa 4 mwaka wa 1969, baada ya siku zaidi ya 310. Mashua ya Nigel Tetley ilivunjika akiwa karibu kumaliza, naye akaokolewa. Donald Crowhurst, aliyeondoka na mashua isiyokuwa tayari, alidanganya kwa redio kuhusu mahali alipokuwa. Mashua yake ilikutwa ikielea bila mtu, na maiti yake haikuonekana kamwe.

Sheria zilikuja polepole, nyingi zikifuata msiba. Katika Vendée Globe ya 1996-1997 mashua tatu zilipinduka kusini kabisa. Tony Bullimore alikaa siku kadhaa gizani, chini ya mashua iliyogeuka, mpaka wanajeshi wa maji wa Australia walipomfikia. Raphaël Dinelli aliokolewa na mshindani mwenzake, Pete Goss, aliyegeuza mashua na kurudi ndani ya dhoruba. Gerry Roufs wa Kanada hakurudi. Na Dinelli hakuwa mshindani rasmi: alikuwa hajatimiza masharti ya kuandikishwa, lakini aliondoka tu nyuma ya wengine, bila mtu wa kumzuia.

Baada ya mwaka ule masharti yalikazwa. Mashua lazima ionyeshe kwamba ikipinduka inaweza kusimama tena. Mshindani lazima awe amekwisha safiri peke yake katika bahari kuu na kufundishwa namna ya kujiokoa. Mashua zinafika bandarini wiki tatu kabla ya kuondoka, zikaguliwe. Waandalizi wanajua kwamba mtu akisha kufika katikati ya bahari hakuna ofisa atakayemfuata huko. Kwa hiyo kazi kubwa ya ulinzi inafanyika wakati kamba bado imefungwa.

Mwaka uleule wa 1996, tarehe 21 mwezi wa 5, meli MV Bukoba ya Tanzania ilizama katika Ziwa Victoria, karibu na Mwanza. Ilikuwa na nafasi ya watu kama 430. Hesabu ya waliokufa inayotajwa zaidi inapita 800, na hesabu kamili ilikuwa ngumu kwa sababu abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Tume iliundwa, maofisa wakashtakiwa. Lakini mwaka wa 2018, katika ziwa hilohilo, kivuko cha MV Nyerere chenye nafasi ya watu 101 kilipinduka karibu na Ukara kikiwa kimejaa kupita kiasi. Zaidi ya 220 walikufa.

Kwetu Kongo ni vilevile. Mwezi wa 12 mwaka wa 2014, wakati Katanga ilikuwa bado jimbo moja, meli Mutambala ilipinduka katika Ziwa Tanganyika, imejaa watu na mizigo, upepo ukivuma kwa nguvu. Watu 129 walihesabiwa kufa. Mwezi wa 4 mwaka wa 2019, baada ya boti kuzama upande wa Kalehe katika Ziwa Kivu, Rais Félix Tshisekedi aliagiza kila abiria avae jaketi ya kuokoa maisha. Amri ilikuwepo, basi, miaka mitano kabla ya Kituku.

Tena kuna jambo ambalo washindani wa Ufaransa hawalijui. Wao wanachagua hatari. Abiria wa Minova hawakuchagua: vita vilikuwa vimekata barabara ya Goma, na boti ndiyo njia iliyobaki. Ofisa akiizuia boti iliyojaa, kuna wafanyabiashara ambao vyakula vyao vitaoza na wagonjwa wanaongoja ng'ambo. Ndiyo sababu wengi wanaiacha ipite.

Lakini si kila ulinzi unadai mali nyingi. Mwaka wa 1876 Uingereza ilipitisha sheria ya kupiga mstari wa rangi ubavuni mwa meli: maji yakiufunika, meli imezidishiwa mzigo. Mbunge Samuel Plimsoll ndiye aliyeipigania. Ila mwanzoni mwenye meli aliruhusiwa kuuchora mstari mahali anapotaka mwenyewe, na wengine waliuchora juu mno. Ilibidi kungoja mpaka 1890 ndipo serikali ikaamua mstari ukae wapi. Rangi ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni nani mwenye neno la mwisho.

Likasi iko mbali na bahari, lakini haiko mbali na maji. Reli inayopita hapa inafika mpaka Kalemie, na kutoka pale msafiri anaendelea kwa boti. Samaki wa Tshangalele, ziwa lililozaliwa na bwawa la Mwadingusha, wanavuliwa na watu walio ndani ya mitumbwi, na wengi wao hawana jaketi. Mstari wa rangi ubavuni, orodha ya majina kabla ya kuondoka, na mtu mmoja kwenye ukingo anayelindwa na wakubwa wake anaposema "hapana": hivyo havidai mamilioni. Boti ya Minova ilionekana na watu wengi ilipozama. Ilikuwa imeonekana na wengi pia ilipokuwa ikipakiwa.